Chanjo ya Pilau

Jumatatu, 3 Machi
Nimetoka kazini, nikafungua mlango, nikaita. Kimya. Pilau yuko kwa Mama Wafula tena, mlango wa pili. Nimechungulia dirishani: amelala mapajani mwake, tumbo juu. Kwangu halali hivyo. Samaki nanunua mimi. Mchanga wa choo nabadilisha mimi. Paka gani huyu!

Jumatano, 5 Machi
Chanjo ya Pilau ya kichaa cha mbwa inakaribia kuisha nguvu. Mama Wafula amenikuta kwenye mfereji.
"Mwende, usikubali sindano yoyote tu. Kuna isiyo na kile kichochezi wanachochanganya ili kuamsha kinga. Uliza hiyo. Na wamdunge mguuni, chini kabisa, si kati ya mabega."
Paka wake Malkia aliota uvimbe palepale alipodungwa. Saratani. Wakakata, ukarudi. Akafa.
Nimesema asante. Moyoni nimesema: wako alikufa, sasa unataka wangu.
Ni neno baya. Nimeliandika, libaki hapa.

Jumamosi, 8 Machi
Nimempeleka mwenyewe, duka la dawa za mifugo upande wa Makongeni. Jirani sikumwambia. Mhudumu alishavuta dawa, ameshika ngozi ya mabega. Mdomo wangu ukafunguka wenyewe.
"Hiyo ina kichochezi?"
"Madam, chanjo ni chanjo."
"Basi mdunge mguuni."
Akacheka. Nikamrudisha Pilau kikapuni, tukatoka.
Nimerudi na hasira njia nzima. Si ya yule mtu. Kila neno nililosema lilikuwa la Mama Wafula.

Jumapili, 9 Machi
Sijamsalimia. Aliniona.

Jumanne, 11 Machi
Mbwa mwenye kichaa ameuma watu wawili kule vibandani. Wamemuua, lakini nani ajuaye aling'ata wanyama wangapi kabla. Nimemfungia Pilau ndani. Amelia jioni nzima, uso ameuelekeza kwenye ukuta wa Mama Wafula. Si mlangoni. Ukutani.
Nimeona wivu. Halafu nikaogopa. Nikienda kubahatisha tena, atakayeumia ni Pilau, si jirani.
Nimebisha hodi kwake. Hakuniuliza nilikuwa wapi. Amesema tu, "Kuna daktari Njiru. Twende wote."

Alhamisi, 13 Machi
Nimeomba ruhusa ya siku mbili kazini. Tumeenda.
Daktari, mama mtaratibu, hakutuficha kitu. Uvimbe ule ni nadra sana. Hakuna sindano isiyo na hatari hata kidogo, ila isiyo na kichochezi inaaminika kuwa salama zaidi kwa paka, na anayo. Kumwacha bila chanjo ndiyo hatari kubwa kuliko zote. Mguuni, kwa sababu mguu unaweza kukatwa paka akaishi. Mgongo haukatwi. Uvimbe ukitokea hapo ukazidi kukua, au ukadumu miezi mitatu, turudi.
Pilau alikuwa amezika kichwa kwapani mwa Mama Wafula.
"Mwenye paka ni nani?"
Nilimtazama Mama Wafula. Nilitaka nione atajibu nini.
"Ni huyu. Mimi jirani tu."
Akamtoa kwapani, akanipa. Pilau akanikwaruza. Nikamshika hivyohivyo, sindano ikaingia. Nilipoinua macho, Mama Wafula alikuwa ameangalia ukutani, anajifuta machozi kwa leso. Malkia hakupata daktari kama huyu.
Nimemshika mkono. Wivu haukuisha. Ulisogea tu kando, mkono ukapata nafasi.

Ijumaa, 14 Machi
Anachechemea kidogo. Amekula. Nimeupapasa mguu, hakuna kitu.
Mchana amekwaruza mlango, nikamfungulia. Ameenda zake kwa Mama Wafula bila kugeuka. Nimemsikia akimkaribisha, "Pole, baba, pole."
Imeniuma. Mlango nimeuacha wazi, nikaendelea kufua.