Weupe Chini ya Shingo

Tabora, 4 Juni 2023

Baba, shikamoo. Magoti yanasemaje, na mizinga ya nyuki imetulia? Mimi mzima, ila miguu imechoka kwa kusimama. Picha zangu sita zimetundikwa kwenye ukumbi hapa mjini mpaka Oktoba. Kubwa kuliko zote ni ya marehemu Mama, anapita njia ya zamani ya misafara, mzigo kichwani. Uso na mikono nimevichora kama vilivyokuwa, hata lile kovu la kidoleni. Njia ni michirizi myekundu tu, kwa ajili ya wapagazi walioikanyaga. Njoo uone.

Mwanao, Gaudensia

Usinge, 25 Juni 2023

Gaudensia, marahaba. Magoti ni yaleyale. Jirani yetu Kasimiri alipita ukumbini, akaja kuniambia: "Mzee, uso ni wa mkeo kabisa, utadhani atakuita. Ila kuanzia shingoni, ukitoa mikono, ni weupe mtupu." Hukuniambia hilo. Nyeupe ni sanda, mwanangu. Nilimzika mara moja, inatosha. Iondoe.

Baba yako, Anakleti

Tabora, 9 Julai 2023

Baba, shikamoo. Sikukusudia sanda. Mama alipougua ulinipeleka Ntalikwa kwa shangazi Stela, nina miaka minane. Niliporudi nilionyeshwa kaburi. Kila nikifika mwilini, brashi inagoma. Alikonda? Alivaa nini? Aliniulizia? Nyeupe ni yale nisiyoyajua. Sitaiondoa, Baba. Nisamehe.

Mwanao, Gaudensia

Tabora, 20 Desemba 2023

Baba, shikamoo. Hii ni barua ya tatu bila jibu, na simu hupokei. Nakutakia Noeli njema. Niambie tu kama u mzima.

Gaudensia

Usinge, 18 Februari 2024

Mwanangu, marahaba. Ni mzima. Nimechelewa, najua.

Septemba nilipanda treni nikaja Tabora, sikukuambia. Nilisimama mbele ya ile picha mpaka mlinzi akaniuliza, "Mzee, unamfahamu?" Nikamjibu, "Namfahamu." Kuja kwako nikashindwa.

Sasa sikiliza. Alikonda sana, nilikuwa nambeba kama mtoto. Alivaa kitenge cha kijani, hakutaka kingine. Alikuulizia kila asubuhi. Siku ya mwisho alisema, "Mleteni Gau." Nikamwambia, kesho. Nilidhani kesho ipo. Ndiyo maana nimenyamaza miaka ishirini na moja. Sikuwa na ugomvi na rangi yako.

Baba yako, Anakleti

Tabora, 3 Machi 2024

Baba yangu, shikamoo. Nimelia, kisha nikanawa uso nikaenda kununua rangi. Nimechanganya kijani mara nne. Kimoja kimefanana na majani ya mvua za kwanza, kingine kimekolea mno. Sijapaka bado, maana siku zile wewe ndiye uliyekuwepo. Ile kesho sikuwekei kinyongo. Ulikuwa na miaka thelathini na tano, na mkeo anakufa mikononi mwako. Njoo unichagulie.

Gau wako

Usinge, 10 Machi 2024

Gau, marahaba, mama. Nimepata tiketi ya Jumamosi. Usichanganye tena mpaka nifike. Nitakuonyesha kijani chake, na ukiniruhusu, brashi nitaishika mimi. Tupake kitenge tu. Weupe utakaobaki uache, kuna mengi yake ambayo hata mimi siyajui.

Nakuja,
Baba yako