Pekeshe aumbuka kwa seva ya Jumwa

Mishi, acha unachofanya! Pekeshe ameumbuka leo Ngao, mbele ya ukoo mzima wa bibi harusi.

Unakumbuka Jumwa aliponunua seva ya nyumbani, kile kisanduku cha diski mbili kinachohifadhi nakala ya kila video anayopiga? Pekeshe, mwenzake wa studio hapo Garsen, alimcheka sana.

Basi wiki jana huyo Pekeshe akanakili video ya harusi aliyoipiga Jumwa, akaifuta kwenye laptopu ya Jumwa. Aliifuta, Mishi! Kisha akawaambia wenye harusi kwamba yeye ndiye aliyeipiga.

Jumwa hakulia. Leo alimwacha aape kwanza mbele ya wazee. "Kila picha humu ni kazi ya mkono wangu!"

Aliapa kabisa!

Ndipo Jumwa akaitoa video nzima, isiyokatwa, kwenye seva kwa simu, akaionyesha kwenye televisheni yao. Nani huyo katikati ya sherehe? Pekeshe! Kalala kitini, mdomo wazi, sahani ya pilau mapajani.

Mama wa bibi harusi akauliza, "Mwanangu, kamera uliishika ndotoni?"

Pekeshe akamnong'oneza Jumwa, "Tafadhali, ifute."

Jumwa akamjibu kwa sauti, wote wasikie, "Futa wewe. Si ndiyo kazi unayoijua?"