Supu ya Mama Odilia

Shangazi Mirlande,

Hili sijamwambia mtu: nilidanganya nikiwa mkalimani. Siku ya Mwaka Mpya jirani yetu, Mama Odilia, alimletea Pasta Lambert, mmisionari mgeni, supu ya maboga. Pasta hakujua kwamba siku hiyo, ambayo kwetu pia ni sikukuu ya uhuru, supu hiyo haikataliwi. Akaniambia kwa Kifaransa, "Mwambie akawape wanawe, sisi tumeshiba."

"Anasemaje huyo mgeni wako?" Mama Odilia akauliza. "Au supu yangu ina sumu?"

Nikamjibu kwa Krioli, lugha yetu ambayo Pasta haielewi, "Anaomba mje nyote mle naye."

Wakaja mtaa mzima. Pasta alikula mabakuli matatu, akamshukuru Mungu kwa majirani hadi akalia. Mimi pia nashukuru, ila uongo wangu unanichoma.

Nasikia nyayo za Pasta mlangoni. Siifichi tena karatasi hii; nimeiandika kwa Kifaransa makusudi.

Mwanao mwenye haya,
Rosemide