Uji Ambao Haukumfikia Damari

Temeke, Jumatano.

Mvua ilianza alfajiri na haikukatika hadi saa nne, tulipokuwa tumeshamaliza kuzika. Gauni langu la kanisani limejaa mchanga mpaka magotini, na sina hamu ya kulifua.

Tumemzika Damari.

Naliandika jina hili polepole, maana wiki nzima sikulitaja. Alikuwa jirani yetu, nyumba ya tatu kutoka hapa, mtu wa bara kama mimi, na kwaya yetu haijapata sauti kama yake. Ndoa yake ilitangazwa kanisani Jumapili mbili. Kabla ya tangazo la tatu mchumba wake akachukuliwa jeshini, akapelekwa vitani ng'ambo. Tumbo lilipoonekana, Damari akatengwa. Akanyimwa meza ya Bwana, akatolewa kwenye kwaya, na sisi akina mama tukakubaliana tusikanyage kwake mpaka atubu mbele ya watu.

Tangazo moja tu lilipungua.

Mimi ni mke wa mwalimu wa kanisa, na ndimi ninayewaongoza akina mama kila Alhamisi. Wakati wa kukubaliana nilinyoosha mkono kama wengine, tena nadhani niliunyoosha mapema.

Alijifungua Jumanne ya wiki iliyopita, mtoto wa kike. Kesho yake roho ilinisuta, nikapika uji wa mtama wenye pilipili manga, kama wanavyompikia mzazi wanawake wa huku pwani. Nilitia sukari yetu yote, sukari hii ya mgao wa vita inayonifanya nigombane na watoto kwa kijiko kimoja. Nikafunika sufuria, nikatoka. Karibu na kisima nikakutana na Mama Naftali, mwenzangu wa kanisani.

"Uji unanukia hivyo, mwenzangu, wampelekea nani?"

Nikamjibu kwamba nampelekea Bi Mwanaidi, mguu unamsumbua. Bi Mwanaidi, ambaye kwa uzee wake huo anabeba debe la maji kichwani bila kulishika! Hata uongo sijui kuupanga. Nikajifanya nimesahau kitu, nikarudi nyumbani, tukaunywa mimi na wanangu.

Ulikuwa mtamu sana.

Nilijiambia nitakwenda kesho. Kesho ilikuwa Alhamisi, nikawafundisha akina mama habari ya kikombe cha maji ya baridi, kwamba anayempa mdogo kikombe hicho hatakosa thawabu yake. Nilisema vizuri mpaka wawili wakatoa machozi. Nilirudi nyumbani nimejaa sifa, nikapita mlangoni kwa Damari bila kupiga hodi.

Bi Mwanaidi yeye ni Mwislamu, Mzaramo, mjane anayelima muhogo wake nyuma ya nyumba zetu. Hakuwa na undugu wowote na Damari. Kila asubuhi nilimwona dirishani akipita na maji ya moto ya kumkanda mzazi, na kila jioni akipita tena na bakuli. Nikimwamkia shikamoo, alinijibu marahaba, mwanangu, akaendelea na njia yake. Afadhali angenisema.

Jumamosi homa ikampanda Damari. Jumatatu mganga wa zahanati alikuja, akatikisa kichwa. Jana mchana akafa.

Najua uji hauponyi homa ya uzazi. Nimejiambia hivyo tangu jana, na ni kweli, wala haunisaidii.

Asubuhi hii mvua ikinyesha, Bi Mwanaidi alisimama mlangoni kwetu amejifunika gunia. Hakuingia.

"Mama Yohana, vijana wangu wameshachimba, kule shambani kwangu. Sasa nyie mwazikanaje? Sie maneno yenu hatuyajui, na mie sitaki mtoto wa watu akosewe."

Mume wangu alikuwa ndani, akasikia. Jana aliniambia sheria si yake, na hawezi kumsomea ibada mtu aliyetengwa. Sasa alikuwa ameshika kofia yake, anaigeuza mikononi, haivai wala haiweki. Sikumngoja. Nikavaa gauni, nikamfuata Bi Mwanaidi.

Pale kaburini walikuwapo wanaume wanne Waislamu, wamelowa, wananingoja mimi. Nikaanza Baba Yetu. Mimi ninayewasahihisha wenzangu wakikosea neno moja, nikaisahau katikati. Nikaanza upya, nikakwama tena palepale. Wale wanaume wakainamisha vichwa tu. Mara ya tatu nilifika mwisho.

Tukirudi nilimwuliza Bi Mwanaidi kama Damari alisema neno juu yetu. Nilitaka aniambie alitulaani. Ingekuwa nafuu.

"Hakuwasema vibaya, mwanangu. Ila kila hodi ikipigwa alikuwa ajiinua, ajitengeneza khanga, aniambia, 'Bibi, nitandikie mkeka, akina mama wa kanisani wamekuja.' Mie nafungua, ni mtoto wa jirani kaja kuomba moto."

Ee Mungu. Mara ngapi?

Miaka yote hii nilidhani imani yangu ni funga zangu, na zaburi ninazozijua kwa moyo, na kitambaa changu cheupe cha Jumapili. Mtu mmoja alitaka nipige hodi tu. Hata nikiwa mikono mitupu angenipokea.

Nyumbani kwa Bi Mwanaidi kile kichanga kilikuwa kinalia kwa sauti nyembamba iliyochoka. Tangu jana anakidondoshea maji ya sukari kwa kitambaa, na maziwa ya mbuzi kinayatapika. Hakuniomba kitu. Mimi bado namnyonyesha Eliya wangu, lakini ana miezi kumi na moja na ugali ameshauzoea. Nikaketi mkekani, nikafungua vifungo vya gauni lile lenye mchanga.

Mtoto wa Damari alihangaika kidogo, akageuza kichwa, nikaogopa. Kisha akalishika titi, akanyonya kwa nguvu ambayo sikuitegemea. Ana paji la uso la mama yake. Hakuniuliza nilikuwa wapi wiki nzima.

Mume wangu amesoma uso wangu niliporudi. Nadhani atasema kesho, na akina mama watasema zaidi.

Maziwa yamejaa tena. Naacha kalamu hapa, nakwenda.