Kivuli Chini ya Ziwa Basotu

Shikamoo dada Paskalina,

Niko Basotu, mzima. Leo tulipeleka ziwani ile mashine ya kuona chini ya maji niliyojifunza mwenyewe kuitumia, kumtafuta mvuvi aliyezama juzi. Mama yake amekaa ufukweni na shuka jipya la kumfunika.

Kwenye skrini nikaona kitu kirefu, na kivuli chake kina mikono miwili! Nikapiga kelele, "Yuko hapa!" Dada, wanawake wakaanza kulia, na kaka wa marehemu akajitupa majini, palepale viboko wanapoibukia. Nikaona nimesababisha kifo cha pili. Akaibuka ameshika tawi. Kumbe kisiki!

Akaniambia, "Wewe fundi redio, mdomo wako utaniulia mama."

Jioni mama mwenyewe akaniletea perege wa kuchoma. Akasema, "Kesho utafute tena, mwanangu. Ila ukimwona, uninong'oneze mimi kwanza."

Naogopa hiyo kesho, dada, maana sasa nikimwona kweli, nitamnong'onezaje? Niombee. Na watoto wako wasiogelee lamboni hata siku moja, nawapenda mno.

Mdogo wako,
Damiano