Maziwa Yaliyokataa Chai

Kaptembwo, Nakuru
Jumatano, 2 Julai 2025

Kwa mama mpendwa,

Pokea salamu zangu. Je, mgongo umekuruhusu kupalilia viazi, ama bado unakusumbua? Mimi ni mzima wa mwili, roho ndiyo haina raha. Nakuandikia kwa karatasi kwa sababu kwa simu ungenisikia nikilia.

Unajua huu ni muhula wangu wa mwisho wa mazoezi ya ualimu. Leo nilifundisha Gredi ya Sita mabadiliko ya vitu, na Mwalimu Waithaka kutoka chuoni alikuwa ameketi nyuma na fomu yake. Somo lenyewe ni jepesi. Barafu ikiyeyuka inakuwa maji, lakini ni kitu kilekile: hayo ni mabadiliko ya kifizikia. Kuni zikiungua zinakuwa majivu na moshi, vitu vipya kabisa: hayo ni ya kikemikali. Watoto walinielewa vizuri.

Kisha nikataka kuonyesha ujuzi, nikatoa mursik yako, yale maziwa ya kibuyu, niliyoibeba kwenye chupa. Nikasema maziwa yakikaa kwenye kibuyu yanabadilika umbo tu, yanakuwa mazito. Mama, si nyumbani tunayaita maziwa? Mgeni akija unasema apewe maziwa, na sote tunajua ni ya kibuyu. Sikuwahi kufikiria kuwa ni kitu kingine.

Msichana mmoja, Nasimiyu, akainua mkono. "Teacher, kama bado ni maziwa, si uyarudishe vile yalikuwa tupike nayo chai?"

Darasa lilicheka hadi masikio yangu yakawaka moto. Nikafunga chupa, nikawaambia wafungue vitabu. Mwalimu Waithaka aliandika kitu, na atarudi tarehe 16. Nisipopita siku hiyo, nitarudia mwaka mzima. Madam Wangeci, mwenye darasa, ananishauri niende kwa somo lingine na nisiitaje mursik tena. Anasema mwalimu akikiri kosa mbele ya watoto, heshima imeisha. Wewe unaonaje? Na niambie, ndani ya kibuyu huwa kunatokea nini hasa?

Wako,
Binti yako Jepleting


Mau Narok
Jumapili, 6 Julai 2025

Mwanangu Jepleting,

Barua yako imetukuta salama. Mgongo uko hivyo hivyo, na baridi imechoma majani ya viazi upande wa chini, lakini tunakula na kulala. Nimeisoma mara tatu. Mara ya kwanza nilicheka nilipofika kwa chai, unisamehe. Huyo msichana ana akili.

Mimi sijui maneno ya kitabu, najua kazi ya mikono yangu. Kijiti cha mti wa senetwet nikikichoma kinakuwa mkaa, na hakuna mtu wa kukifanya kijiti tena. Lakini mkaa huo nikiusaga ili nipake ndani ya kibuyu, hata unga wake siwezi kuurudisha uwe kipande. Je, umekuwa kitu kingine? Hapana. Ni mkaa tu, ukiutupa motoni unawaka. Kwa hivyo usiwaambie watoto kwamba kila kisichorudi kimegeuka. Waulize kama bado ni kile kile.

Sasa maziwa. Ya asubuhi yakishikwa na baridi hadi yawe barafu, ukiyapasha moto unapika chai. Ya kibuyu, baada ya siku tano, harufu ni nyingine, yanauma ulimi, na nikifungua kifuniko kibuyu kinatoa pumzi. Hayo si ya asubuhi yaliyonenepa. Tunayaita maziwa kwa sababu ya yalikotoka, vile mimi bado nakuita mtoto.

Nimekutumia kibuyu kizima na vijiti vya senetwet, uvichukue kwa ofisi ya vifurushi Jumanne. La kukiri au kutokiri nakuachia, maana anayesimama mbele ya hao watoto ni wewe.

Mamako


Kaptembwo, Nakuru
Jumatano, 16 Julai 2025

Kwa mama yangu,

Salamu nyingi. Natumaini viazi vimechipua tena baada ya baridi na wewe umepumzika kidogo. Mimi leo nitalala vizuri.

Niliingia darasani na kibuyu mkononi. Fomu ya Mwalimu Waithaka ilikuwa imeshafunguliwa. Nikasema, "Wiki mbili zilizopita niliwafundisha vibaya. Nasimiyu aliniuliza swali zuri na sikulijibu. Leo tutalijibu." Madam Wangeci akatazama dirishani. Watoto hawakucheka.

Tulichoma kijiti. Tukasaga mkaa, na wawili wakabishana kama unga ule ni kitu kipya. Nikawauliza swali lako, wakautia motoni, ukawaka, ubishi ukaisha. Kisha wakanusa na kuonja maziwa ya kawaida na mursik. Nasimiyu mwenyewe aliimimina mursik kwenye chai ya moto. Ilipokatika vipande vipande, alitazama ndani ya kikombe, akasema, "Yamekataa." Wakaandika wote: kitu kipya, mabadiliko ya kikemikali.

Nimepita, mama. Mwalimu Waithaka aliuliza lile swali la mkaa nililitoa kitabu gani. Nikamwambia ni la mama yangu wa Mau Narok, naye akaliandika jina lako kwenye fomu. Nimekaa chuoni miaka mitatu, na wewe ukanifundisha somo hili kwa ukurasa mmoja. Najivunia kuwa mtoto wako.

Wako,
Jepleting


Mau Narok
Jumapili, 20 Julai 2025

Mwalimu Jepleting,

Sisi ni wazima, na furaha imejaa nyumba hii. Babako alitaka nimsomee barua kwa sauti, nami nikasoma mpaka pale ulipowaambia watoto kwamba ulikosea. Hapo nikampa karatasi, akaimalizia yeye.

Sijawahi kukueleza ni kwa nini niliacha shule darasa la tano. Huwa nasema ni kazi za nyumbani. Ukweli ni kwamba mwalimu alikosea hesabu ya kugawanya ubaoni, nikainua mkono, nikamwonyesha. Alinichapa mbele ya wenzangu, na hesabu ikabaki ubaoni vile vile hadi jioni. Kesho yake nilikataa kurudi, na hakuna aliyekuja kuniuliza.

Umesema unajivunia mimi. Mimi ndiye ninayejivunia wewe, na sijui nikushukuru vipi. Msalimie Nasimiyu. Mwambie kuna mama huku Mau Narok ambaye angemaliza shule, kama angepata mwalimu kama aliye naye yeye.

Mamako