Mlango Wako Unatazama Bustani

Duisburg, Ujerumani

Mama yangu mpenzi,

Mugonile, Mama. Goti linasemaje na baridi ya Kawetele? Na yule ng'ombe, ameshazaa? Mimi sijambo, tumbo limekua hadi vidole vya miguu nimevisahau. Mkweo Lugano naye mzima, anakuamkia kwa heshima zote akiwa amesimama kule mlangoni, utadhani barua nayo ina macho.

Nakuandikia kwa mkono kwa sababu simu nimeikatia tamaa. Ukisikia neno usilolipenda unampa Mama Mdogo aendelee. Haya, barua utaimaliza mwenyewe.

Ulisema huwezi kuja kunilea nikijifungua kwa kuwa mji huu ni wa moshi. Marehemu babu aliwahi kufika huku ujanani, akawasimulia kwamba shuka nyeupe ikianikwa asubuhi, jioni ni nyeusi. Babu hakudanganya, Mama. Ila moshi huo umeshaondoka! Kuna kiwanda kikubwa cha kuyeyusha chuma kilichofungwa zamani, na wenyewe badala ya kukivunja wauze chuma chakavu, wamekigeuza bustani. Siku ya kwanza nilicheka peke yangu kama mwehu. Unapanda ngazi mpaka juu ya tanuru, unaona miti, miti, miti. Tangi la gesi wamelijaza maji, watu wazima na akili zao wanapiga mbizi humo! Zile kuta nene walikorundika mawe ya chuma, vijana wanazikwea kwa kamba, na kati ya kuta kumeota maua. Reli ya makaa ndiyo njia ya baiskeli. Jumapili tukitoka ibadani tunabeba chakula chetu, tunakaa kwenye majani chini ya mabomba yenye kutu, watoto wanakimbia, na hakuna anayetuuliza tumefuata nini. Napapenda, Mama, sikufichi.

Shuka zangu zinakauka siku hiyohiyo, nyeupe pe. Zako najua bado zinaning'inia jikoni tangu juzi kwa hiyo mvua yenu isiyochoka. Sasa tuulizane, nani anakaa mji mchafu?

Basi nikampigia Mama Mdogo kule Bulyaga, nikamwaga sifa zote hizo ili aje akushawishi. Akanicheka.

"Wewe mtoto, dada aogope moshi gani? Si anapikia kuni tangu azaliwe! Anamkimbia mkwe wake. Eti ulimwambia atalala chumba cha pili, ukuta mmoja na mkwe, bafu moja. Ulisikia wapi jambo hilo?"

Mama, kumbe ndiyo maana siku ile uligeuka ghafla ukaanza habari za moshi. Huku milango yote imebanana, mtu ukizoea unadhani ndivyo dunia ilivyo. Nilimwambia Lugano wakati tunakula. Akaweka kijiko chini.

"Kwa hiyo ulitaka nikutane na mama mkwe koridoni nimevaa taulo?"

Hakumaliza chakula.

Nyumba tunayopanga ilijengewa wachimba makaa. Nyuma ya kila nyumba mtaani kwetu kuna kibanda cha matofali, maana wachimbaji wale walifuga mbuzi wa maziwa. Lugano akaenda kwa mwenye nyumba, bibi mmoja mjane, akamweleza vizuri kwamba kwetu mkwe na mama mkwe hawalali chini ya paa moja. Nilidhani bibi atashangaa. Akasema, "Mume wangu alimpenda yule mbuzi kuliko mimi. Kichukueni kibanda."

Tangu hapo mkweo akitoka kazini hashiki kitu kingine. Amepiga lipu, amevuta maji ya moto, ameweka choo na kitanda na hita. Ule mlango wa zamani uliotazama jiko letu ameuziba kwa matofali, akatoboa mwingine upande wa pili, unaotazama bustani ya nyuma. Utatoka na kuingia upendavyo bila kukutana naye uso kwa uso. Naye akifika kona ya nyumba atakohoa kwanza, kama baba yake anavyofanya kule kwao Mpuguso. Ameshaanza kujizoeza, jirani kamletea dawa ya kifua. Nakuomba tu, usimwambie mtu yeyote kanisani kwamba utalala banda la mbuzi.

Wakunga wa huku ni wema, Mama, na hospitali inang'aa. Lakini hakuna anayejua kumkanda mzazi kwa maji ya moto, wala wa kunikemea nisiposhika mtoto vizuri. Mchana nacheka na watu wa kwenye tangi. Nikibaki peke yangu naogopa. Naogopa kuzaa bila wewe.

Msalimie Asajile mdogo wangu, mwambie ng'ombe ni wake mpaka urudi na asimnyime majani. Msalimie Mama Mdogo mwenye siri nyepesi, na bibi wa jirani anayetugawia maparachichi.

Huo ufunguo ulioanguka ulipofungua bahasha ni wa mlango wa bustani. Uko mmoja tu. Lugano amekataa kubaki na mwingine, anasema mkwe hashiki ufunguo wa chumba cha mama mkwe. Kwa hiyo usipokuja, Mama, chumba hakifunguki.

Mwanao,
Atupele